Daftari la Maneno Magumu

Ndugu wahariri wameniomba niandike historia ya somo la Kiingereza kama tulivyolisoma sisi wa miaka ya mwisho ya 1970. Jambo hilo ni kubwa kuliko uwezo wangu. Nitaandika juu ya sehemu yake moja tu, ambayo kila aliyesoma Kiingereza kidato cha tano na cha sita ataikumbuka bila kukumbushwa: lile daftari la kurasa 96 lililokatwa kwa urefu katikati, upande wa kushoto maneno, upande wa kulia maana.

Mimi ni mtoto wa Shanwe, Mpanda. Leo Shanwe ni kata ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Tulipokuwa tunakwenda shule hapakuwa na mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 1212 na nusu, kama alivyosema mzee mmoja aliyechanganya tarakimu akitania urefu wa kuungoja. Ulianzishwa mwaka 2012. Sisi tuliandika "Mkoa wa Rukwa" juu ya bahasha zetu, na kaka zetu waliotutangulia kabla ya 1974 waliandika "Mkoa wa Tabora". Sanduku la bati halikuhama. Mkoa ndio uliohama.

Kilichotutoa Mpanda kwenda shule ni reli. Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya wanafunzi. Ilijengwa kutoka Kaliua na kufika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa kampuni ya Uruwira. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na miaka kadhaa baadaye ikatubeba sisi na masanduku yetu kuvuka Mto Ugalla usiku. Kwenye behewa la daraja la tatu ndiko nilikoanza kuliona daftari la maneno, mikononi mwa kaka mmoja wa kidato cha sita aliyekuwa akisoma kwa mwanga wa tochi huku midomo ikicheza, kama mtu anayesali rozari.

Hapana budi kwanza niseme kwa nini sisi tulihitaji daftari lile kuliko waliotutangulia. Kabla ya 1967 mtoto wa shule ya msingi aliyefika madarasa ya juu alianza kufundishwa kwa Kiingereza. Akiingia sekondari alikuwa amekwisha kukaa na lugha hiyo miaka kadhaa, katika hesabu, katika jiografia, katika kila kitu. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mambo yote mawili ya mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi tangu darasa la kwanza hadi la saba. Uamuzi ulikuwa wa haki, na mimi ni mmoja wa waliofaidika nao: nilijifunza hesabu bila kuogopa. Lakini sekondari haikubadilika. Kwa hiyo tuliingia kidato cha kwanza tukiwa na Kiingereza cha somo moja, na kesho yake asubuhi mwalimu wa biolojia akaingia darasani akisema Kiingereza kitupu. Tuliobahatika kufika kidato cha tano tulikuwa bado tunalipa deni lile la kidato cha kwanza. Na deni la msomaji wa fasihi ni kubwa zaidi, maana mwanafunzi wa kemia hukutana na maneno yale yale kila siku, lakini mwandishi wa riwaya hana huruma. Ukurasa huu anatumia neno, na pengine asilirudie tena hadi kitabu kiishe.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa Mtanzania aliyesomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu mpole mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa vumbi. Amri yake ilikuwa moja: maneno kumi kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, na mtihani Jumamosi jioni. Nimepiga hesabu juzi. Maneno 60 kwa wiki, wiki 36 kwa mwaka, miaka miwili: maneno 4,320. Kama tungeyashika yote tungekuwa mabwana. Kusema kweli, tuliyashika mpaka Jumamosi jioni, na Jumapili baada ya ugali na maharage yalikuwa yamekwisha kuondoka.

Maneno yenyewe tuliyatoa wapi? Kwanza kutoka vitabu tulivyovisoma darasani. Pili kutoka kwa Wilfred Best, yaani kile kitabu chake kiitwacho The Student's Companion, ambacho nadhani hakuna shule ya Afrika Mashariki iliyokosa walau nakala moja isiyo na jalada. Humo mlikuwa na orodha za kila namna: kundi la simba linaitwaje, mtu anayechukia wanadamu wote anaitwaje, mahali pa kufugia nyuki panaitwaje. Hilo la nyuki, "apiary", tulilipenda sana sisi watu wa Mpanda, kwa kuwa kwetu asali ni mali, ingawa nyuki wetu walikaa kwenye mizinga ya magome juu ya miti na hawakujua kama wana jina la Kilatini. Tatu, tuliyatoa kutoka nakala kuukuu za Reader's Digest, lililokuwa na ukurasa wake wa kuongeza maneno tangu mwaka 1945.

Na nne, kamusi. Hapa naomba nikawie kidogo, maana jambo hili nimelijua uzeeni na lingalinisaidia sana ujanani. Kamusi yetu, ile nene ya Hornby iliyofungwa kwa mnyororo kwenye meza ya maktaba, tulidhani imeandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Kila nilipoikosa maana nilijiona mgeni aliyeingia nyumba ya watu. Kumbe sivyo. A. S. Hornby alikwenda kufundisha Japani mwaka 1924. Huko alijiunga na kazi ya Harold Palmer, ambaye mwaka 1923 alikuwa ameanzisha Tokyo taasisi ya kuchunguza ufundishaji wa Kiingereza. Hornby na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, wakatunga kamusi kwa ajili ya wanafunzi ambao Kiingereza si chao, wakiwaeleza si maana tu bali pia namna kitenzi kinavyokaa katika sentensi. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, na ndipo Oxford wakaitoa tena mwaka 1948. Kwa hiyo kamusi ile ilitungwa kwa ajili ya kijana wa Kijapani aliyekuwa akihangaika kama mimi. Ningelijua hilo mwaka 1979, nadhani ningaliifungua kwa mkono usiotetemeka.

Kabla ya Hornby alikuwako Michael West, aliyefundisha Bengali. Yeye aliona watoto wanasoma Kiingereza kwa miaka na wanaacha shule bila kuweza kusoma kitabu kimoja kwa raha. Akachuja maneno yanayotumika sana, akaandika upya hadithi kwa maneno machache, na mwaka 1935 pamoja na Endicott akatoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo kiasi cha 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake mashuhuri ya maneno yapatayo 2,000. Vitabu vile vyembamba vya hadithi zilizorahisishwa, ambavyo wengi wetu tulivisoma kidato cha kwanza na cha pili, ni wajukuu wa fikra hiyo.

Basi fikiria hesabu yetu ilivyokuwa. Mtu aliyemaliza vitabu vile vyembamba alikuwa na maneno kiasi cha 2,000. Mtaalamu mmoja wa New Zealand, Paul Nation, alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya ya kawaida bila kushikwa mkono kunahitaji jamii za maneno 8,000 hadi 9,000. Kati ya ukingo huu na ule hapakuwa na daraja. Mwalimu wetu, bila ya kuzisoma takwimu hizo ambazo hazikuwapo, alijaribu kujenga daraja kwa daftari. Simlaumu. Alikuwa na nakala nane za kitabu kwa wanafunzi thelathini na wanne, na mwaka ule nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera na karatasi yenyewe ilikuwa adimu.

Kosa la daftari lilikuwa kwamba neno liliandikwa peke yake, bila jirani. Nilijifunza kwamba "notorious" maana yake ni kujulikana sana. Nikaandika katika insha kwamba babu yangu alikuwa katekista "notorious" kuliko wote wa Mpanda. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba neno hilo ni la wezi na majambazi. Nilichoka. Lakini tangu siku ile sijalisahau neno hilo, wala maneno mengine aliyoyaeleza siku ile, na hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba maneno huingia kichwani kwa kupitia aibu na kicheko, si kwa kupitia mstari wa katikati ya daftari.

Babu huyo huyo, aliyekuwa akiishi Shanwe uzeeni, hakujua Kiingereza. Alikulia upande wa Karema, kwenye misheni ya Mapadre Weupe waliopokea kituo kile kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885. Mapadre wale wengi walikuwa wasema Kifaransa, wakafundisha kwa Kiswahili, wakaimba kwa Kilatini. Kiingereza kilikuja baadaye na serikali. Likizo moja nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nikikariri kwa sauti: "impeccable, incredible, omnipotent, quotidian." Babu alikuwa akisuka kamba. Akaniuliza tangu lini shule za serikali zinafundisha Misa. Nikamwambia hicho ni Kiingereza. Akakataa. Akasema "peccata" ni dhambi. "Credo" ni nasadiki. "Omnipotens" ni Mwenyezi. Na mkate wa "quotidianum" ni mkate wa kila siku. Nikafungua daftari upande wa kulia. Asiye na dhambi wala kosa. Isiyosadikika. Mwenye uwezo wote. La kila siku. Mzee asiyejua Kiingereza alikuwa amepata nne kwa nne.

Nilirudi shuleni na macho mengine. Nilielewa kwa nini wale wenzetu wawili waliotoka seminari hawakuhangaika na Jumamosi jioni. Na baadaye nilijifunza sababu yake. Wanormani walipoishinda Uingereza mwaka 1066, wakubwa walisema Kifaransa, wasomi wakaandika Kilatini, na watu wa mashambani wakabaki na maneno yao ya zamani. Ndiyo maana kwa jambo moja la mfalme Kiingereza kina "kingly", na "royal", na "regal": la kwanza la wenyeji, la pili la Wafaransa, la tatu la Kilatini. Maneno magumu ya fasihi mengi ni ya tabaka hizo mbili za juu. Mtoto wa Kiingereza naye hujifunza shuleni, kama vile mtoto wa Kiswahili ajifunzavyo shuleni "falsafa", "tamthilia" na "fasihi", ambayo hakuyakuta jikoni kwa mama yake, yametoka Kiarabu. Hakuna aliyetuambia hayo. Tungaliweza kusoma mashina mia ya Kilatini na kufungua maneno elfu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Wengi mnakikumbuka kile kibao chenye kamba. Aliyekutwa akisema Kiswahili alivikwa, naye akakivaa mpaka amkamate mwingine. Aliyelala nacho alifyeka majani Jumamosi. Katika bweni letu alikuwamo mwenzangu mmoja tuliyepanda naye garimoshi moja kutoka Mpanda. Kiingereza chake kilikuwa kizito, lakini hakuna aliyejua kusoma kitabu kama yeye. Tulikuwa tunasoma Julius Caesar ya Shakespeare na hatukuambulia kitu. Yeye alikuwa amepata mahali fulani nakala ya Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile aliyoitoa kwanza mwaka 1963 akiwa Rais na kuisahihisha mwaka 1969. Usiku baada ya maandalio alikuwa anatusomea Kiswahili, kisha anatuonyesha mstari wa Kiingereza, kisha anauliza: kwa nini Antonio anamwita Bruto mtu wa heshima mara nyingi namna hii, kama anamaanisha? Tukaanza kubishana. Kwa mara ya kwanza "honourable" likawa neno lenye meno. Hatukuliandika kwenye daftari, na hakuna aliyelisahau.

Usiku mmoja mimi ndiye niliyekuwa na kibao. Jumamosi ilikuwa kesho yake. Yeye alikuwa amekaa juu ya kitanda, kitabu mapajani, akitueleza sisi watu saba hotuba ya mazishi, kwa Kiswahili safi. Nilisimama nikamvika. Kisheria nilikuwa na haki. Wengine walicheka, yeye hakusema neno, alifunga kitabu. Kesho yake alifyeka nyuma ya jiko mpaka saa nane mchana. Hakutusomea tena. Sisi tukarudi kwenye daftari, kumi kwa siku. Katika mtihani wa mwisho alipata Kiswahili vizuri sana na Kiingereza akaangushwa, na nafasi ya Chuo Kikuu ikampita. Sisemi ni kwa ajili ya usiku ule. Nasema tu kwamba nimeuhesabu mara nyingi.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo nchi ilikuwa inaijadili hoja ile ile aliyokuwa akiitenda yeye kitandani. Mwaka 1980 Rais aliunda Tume ya Elimu chini ya Ndugu Jackson Makweta. Mwaka 1982 tume ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na kiendelee kupanda hadi Chuo Kikuu. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha shule zetu na kukuta kwamba kiasi cha 10 kwa mia tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefika pale ambapo mtu angeweza hata kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Tafadhali soma tena: kuanza. Hata hivyo dawa iliyochaguliwa ikawa kuongeza Kiingereza, na tangu 1987 mradi wa msaada wa Uingereza ukapeleka mashuleni vitabu vyepesi vya kujisomea. Vilikuwa vizuri. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu, na niliona watoto wakivisoma mpaka vikatoka nyuzi. Lakini viliishia pale pale ambapo riwaya ngumu inaanza.

Nami sitaki mnidhanie kuwa nakikataa Kiingereza. Bila daftari lile nisingaliisoma The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya Ayi Kwei Armah, ambayo jina lake sisi wajinga tulilisahihisha kwa kalamu ya wino jaladani tukidhani mpiga chapa amekosea. Armah mwenyewe aliishi na kufundisha Dar es Salaam miaka ile ya 1970, na katika jiji hilo hilo, kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alikuwako Abdilatif Abdalla, aliyeitafsiri riwaya hiyo kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Mwandishi na mfasiri wake mji mmoja, na sisi tunakariri "putrid" na "excrement" kutoka ubaoni bila kujua kwamba vitabu vyote viwili vingeweza kuwekwa meza moja. Song of Lawino ya Okot p'Bitek nayo ilikuwa imekwisha kutafsiriwa na Paul Sozigwa.

Mwaka jana nilikwenda Shanwe kwa mazishi ya dada yangu. Yule mwenzangu amestaafu ualimu wa shule ya msingi, analima mahindi na mpunga, na ana mizinga. Tulikaa nje mpaka usiku. Mjukuu wake wa kike anasoma kidato cha tano, Historia, Kiswahili na Kiingereza, akaja na simu kuuliza maana ya neno "magnanimous". Simu ilikuwa imekwisha kumpa maana. Alitaka kujua linatumikaje. Babu yake akamwambia "magnus" ni kubwa, "animus" ni moyo. Akanitazama. Kisha akamwambia mtoto, kwa Kiswahili, "Mwulize huyu babu yako mwingine, yeye atakupa mfano." Alicheka. Mimi nilichukua muda kidogo.

Juliasi Kaizari yake anayo bado, haina jalada. Amekubali kuja kwenye mkutano wetu wa mwaka huu na kuileta, naye atatusomea ile hotuba mahali ilipokatika. Kama wako waliohifadhi madaftari yao ya maneno, wayalete pia, hasa wale wawili wa seminari. Daftari langu lililiwa na mchwa, limebaki kuanzia herufi M.